Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu: Nyutroni, Urani ya Kongo na Mwendo wa Molekuli za Maji

1.0 Utangulizi

Asubuhi isiyo na upepo, Ziwa Tanganyika mbele ya mji wa Baraka huonekana kama limelala. Rasi ya Ubwari, inayoifunga ghuba kwa upande wa mashariki, hujitazama majini bila mkunjo, na mitumbwi iliyorudi kutoka uvuvi wa usiku hukaa mahali pake kama iliyopigiliwa misumari. Mtu akichota maji hayo kwa kikombe na kukiweka juu ya meza, baada ya muda mfupi atasema kwamba maji yametulia. Kwa jicho, usemi huo ni sahihi. Fizikia ya karne ya 20, hata hivyo, ilithibitisha kwamba ndani ya kikombe hicho hakuna molekuli hata moja iliyotulia. Kila moja hutetemeka, hugeuka na kuwaruka jirani zake kwa kasi isiyoweza kuhesabiwa kwa saa ya kawaida. Wahenga waliosema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwa wakizungumzia molekuli, lakini methali yao inalifaa jambo hili kuliko maelezo mengi ya kitaalamu.

Makala haya yanafuatilia historia ya chombo kilichouwezesha ulimwengu kuupima mwendo huo usioonekana, yaani nyutroni, na kuihusisha historia hiyo na Kongo ya Mashariki, hususan wilaya ya Fizi na mji wake wa Baraka katika Kivu ya Kusini. Uhusiano huo si wa kulazimisha. Urani iliyowezesha kuzalishwa kwa nyutroni nyingi kwa mara ya kwanza ilitoka, kwa sehemu kubwa, katika ardhi ya Kongo, na ilichimbwa na watu ambao lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Aidha, maisha ya watu wa Fizi yanategemea ziwa ambalo siri yake kubwa ni namna molekuli zinavyosafiri, na namna zinavyoshindwa kusafiri, kutoka tabaka moja la maji hadi jingine. Hoja ya msingi ni kwamba Kiswahili kilikuwapo mwanzoni mwa safari ya elimu hii, machimboni, na kipo mwishoni mwake, ziwani. Lakini hakikupewa nafasi katikati, maabarani na darasani. Upungufu huo haukusababishwa na umaskini wa lugha.

2.0 Kutoka chembe za chavua hadi nyutroni

Dhana kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembe zinazohangaika daima ni ya zamani, lakini ushahidi wake ulichelewa. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown alitazama kwa hadubini punje ndogo zilizotoka katika chavua, zikielea majini, akaona kwamba hazikukoma kutikisika. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kihesabu kwamba punje hizo husukumwa huku na huku na molekuli za maji, na kuanzia mwaka 1908 Mfaransa Jean Perrin alithibitisha hesabu hiyo kwa majaribio ambayo baadaye, mwaka 1926, yalimpatia Tuzo ya Nobel. Tangu hapo kuwapo kwa molekuli hakukuwa tena jambo la imani.

Hata hivyo, ushahidi wa Perrin ulikuwa kama wa mtu anayeona mtumbwi ukiyumba usiku bila kuyaona mawimbi. Punje iliyoonekana ilikuwa kubwa mno ikilinganishwa na molekuli zilizoisukuma. Ni hatua gani hasa inayopigwa na molekuli yenyewe? Je, huteleza taratibu, au hukaa mahali pamoja kisha ikaruka? Miali ya eksirei, iliyotumika kuanzia mwaka 1912 kuchunguza mpangilio wa atomu katika fuwele, haikuweza kulijibu swali hilo kwa urahisi. Nishati ya mwali mmoja wa eksirei ni kubwa mno kuliko nishati ya mtikisiko wa molekuli, hata badiliko dogo linaloletwa na mtikisiko huo humezwa na ukubwa huo na kuwa gumu kupimika.

Chombo kilichofaa kilipatikana mwaka 1932, pale mwanafizikia Mwingereza James Chadwick alipotangaza huko Cambridge kwamba amegundua chembe ya kiini cha atomu isiyo na chaji ya umeme. Chembe hiyo, nyutroni, ina uzito unaokaribiana sana na wa protoni. Kwa kuwa haina chaji, hupenya katikati ya elektroni bila kuzuiwa na kukifikia kiini chenyewe. Miaka miwili baadaye, huko Roma, Enrico Fermi na wenzake waligundua kwamba nyutroni zikipitishwa katika vitu vyenye haidrojeni nyingi, kama vile mafuta mazito ya taa au maji, hupungua kasi. Mwaka 1936 ilionyeshwa kwamba nyutroni za polepole zinaweza kujipinda kwenye fuwele kama wimbi.

Sifa hizo zikijumlishwa zinaifanya nyutroni iliyopozwa kuwa kipimo chenye uwiano wa ajabu. Katika joto la kawaida la chumba, nyutroni husafiri takribani mita 2,200 kwa sekunde. Urefu wa wimbi lake hukaribia nafasi iliyopo kati ya atomu na atomu, na nishati yake hukaribia nishati ya mitikisiko ya molekuli. Kwa hiyo nyutroni inapogonga na kurudi, huja na habari za aina mbili kwa pamoja: mahali ilipogonga, na jinsi kilichogongwa kilivyokuwa kikienda. Tatizo lilikuwa moja tu. Nyutroni zilizopatikana katika miaka ya 1930 zilikuwa chache mno.

3.0 Urani ya Shinkolobwe na lugha ya machimbo

Nyutroni nyingi zilipatikana kwa njia ya vinu vya nyuklia, na vinu hivyo vilihitaji urani. Hapa ndipo historia ya maabara inapokutana na historia ya Kongo.

Mgodi wa Shinkolobwe upo Katanga, karibu na mji wa Likasi, takribani kilomita 800 kusini-magharibi mwa Baraka. Madini yake yaligunduliwa na Wazungu mwaka 1915, na katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilianza kuyachimba kwa ajili ya radi, iliyohitajiwa katika tiba na kuuzwa kwa bei kubwa mno. Urani yenyewe ilionekana kama mabaki. Ilipoanza Vita Kuu ya Pili, mabaki hayo yalibadilika thamani. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hadi New York, na Septemba 1942 shehena hiyo ilinunuliwa na jeshi la Marekani. Kiwango cha urani katika mawe ya Shinkolobwe kilizidi kwa mbali kile cha migodi mingine iliyojulikana wakati huo. Sehemu kubwa ya urani ya Mradi wa Manhattan ilitoka huko. Nyingine ilitoka Kanada na magharibi mwa Marekani. Tarehe 2 Desemba 1942 kinu cha kwanza kilianza kufanya kazi mjini Chicago chini ya uongozi wa Fermi, na tarehe 4 Novemba 1943 kingine kikaanza Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee. Mwisho wa mradi huo unajulikana na kila mtu: Agosti 1945 miji ya Hiroshima na Nagasaki iliteketezwa.

Kinachosahaulika mara nyingi ni lugha iliyosikika pale madini hayo yalipotolewa ardhini. Machimbo ya Katanga yaliajiri watu kutoka pande nyingi, wakiwamo watu wa Kasai, Maniema na Rwanda-Urundi, na lugha iliyowaunganisha kambini na kazini ilikuwa Kiswahili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameeleza jinsi Kiswahili kilivyochukuliwa na utawala na makampuni kuwa lugha ya kazi katika Kongo ya Wabelgiji kati ya mwaka 1880 na 1938. Kilikuwa Kiswahili cha amri: njoo, beba, chimba, pakia. Hakuna aliyekusudia kiwe lugha ya kueleza kilichokuwamo ndani ya jiwe. Baada ya mwaka 1942 usiri wa kijeshi ulizidisha ukimya huo. Wachimbaji walibeba kwa mikono yao jiwe lililokuwa likibadilisha historia ya dunia, na maelezo yake yakaandikwa katika lugha ambazo wengi wao hawakuzijua.

4.0 Taa za wavuvi: mahali na mwendo

Vita vilipomalizika, baadhi ya vinu viligeuzwa kuwa vyombo vya utafiti. Huko Oak Ridge, Ernest Wollan, na Clifford Shull aliyejiunga naye mwaka 1946, walitumia nyutroni kuchunguza mpangilio wa atomu katika fuwele, zikiwamo atomu za haidrojeni ambazo eksirei huziona kwa shida. Huko Chalk River, nchini Kanada, Bertram Brockhouse alishughulikia swali la pili. Katika miaka ya 1950 alibuni kipimaspektra chenye mihimili mitatu. Kifaa hicho huchagua nyutroni za nishati moja, huzielekeza kwenye kitu kinachochunguzwa, kisha hupima nishati ya zile zilizotawanywa. Mwaka 1994 Shull na Brockhouse walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kazi ya Shull ilielezwa kuwa imeonyesha atomu ziko wapi, na ya Brockhouse kuwa imeonyesha atomu zinafanya nini. Wollan hakuishi kuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki mwaka 1984.

Tofauti ya maswali haya mawili inaweza kueleweka vizuri na yeyote aliyewahi kusimama ufukweni Baraka usiku wa giza. Wavuvi wa dagaa huwasha taa ili kuwavuta samaki, na ziwa lote huwa kama mji ulioelea. Mtazamaji akitupa jicho mara moja, ataona kila taa iko wapi. Hilo ndilo swali la Shull. Akikaa na kutazama kwa muda, ataona kwamba taa hii inayumba palepale, ile inazunguka, na nyingine inasogea kutoka kundi moja hadi jingine. Hilo ndilo swali la Brockhouse, na halijibiwi kwa kutupa jicho mara moja, hata jicho likiwa kali kiasi gani.

Nyutroni hulijibu swali la pili kwa njia ya mgongano. Mpira ukirushwa kwenye mtumbwi uliofungwa gatini, hurudi na kasi ileile kila mara. Ukirushwa kwenye mtumbwi unaokuja, hurudi kwa kasi zaidi. Ukirushwa kwenye mtumbwi unaokwenda, hurudi kwa unyonge. Mipira mingi ikirushwa kwenye mitumbwi mingi inayotangatanga, kasi za kurudi zitasambaa kidogo pande zote mbili za kasi ya awali. Wanafizikia hupima upana wa msambao huo mdogo. Ukiwa mwembamba, molekuli zinajongea polepole. Ukiwa mpana, zinajongea haraka. Aidha, kwa kubadili pembe ambayo nyutroni zinapokelewa, hupatikana habari za hatua fupi na za hatua ndefu, na hivyo hujulikana kama molekuli huteleza au huruka.

Jambo la pili la bahati njema ni kwamba haidrojeni hutawanya nyutroni kuliko karibu elementi zote. Nguvu yake ya kutawanya ni takribani mara 10 ya deuteri, ambayo ni haidrojeni yenye kiini kizito, na karibu mara 20 ya oksijeni. Kwa hiyo, katika molekuli ya maji, atomu mbili za haidrojeni ndizo zinazowaka kama taa. Mtafiti akitaka kuificha sehemu fulani ya molekuli kubwa, huweka deuteri mahali pa haidrojeni, kama mvuvi anayeizima taa yake ili nyingine zionekane vizuri.

5.0 Maji yenyewe

Mwaka 1958 Brockhouse alichapisha matokeo ya kuyachunguza maji kwa nyutroni, na mwaka 1960 K. S. Singwi na Alf Sjölander walitoa nadharia iliyofafanua matokeo ya aina hiyo. Walieleza kwamba molekuli ya maji haitelezi mfululizo kama jiwe linalozama. Hushikwa kwa muda na jirani zake, ikitetemeka papo hapo, kisha hupata upenyo na kuruka hadi mahali pengine, ambako hushikwa tena. Ni mwendo unaofanana na wa mtu sokoni siku ya gulio: amebanwa, anageuza bega, kisha nafasi inapotokea anapiga hatua moja na kubanwa upya.

Vipimo vilivyofuata viliongeza usahihi. Taasisi ya Laue-Langevin ilianzishwa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1967, na kinu chake kikaanza kufanya kazi mwaka 1971. Mwaka 1972 Mhungari Ferenc Mezei alibuni mbinu ya kuitumia nyutroni kama saa inayozunguka, iliyowezesha kupimwa kwa mienendo ya polepole, ikiwamo ya molekuli ndefu za plastiki na za protini. Mwaka 1985 José Teixeira na wenzake walichapisha vipimo vya maji katika viwango mbalimbali vya joto, yakiwamo maji yaliyopozwa chini ya nyuzi 0 bila kuganda. Ilionekana kwamba, katika joto la kawaida, molekuli hukaa mahali pamoja kwa takribani pikosekunde moja tu kabla ya kuruka. Pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde.

Hata hivyo, haraka hiyo ina udanganyifu wake. Kwa kuwa kila mruko huenda upande wowote, mingi hufutana. Katika maji ya nyuzijoto 25 za Selsiasi, molekuli iliyoruka mara zisizohesabika kwa sekunde nzima hujikuta, kwa wastani, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita kutoka ilipoanzia. Baada ya siku nzima imefika umbali wa sentimita tatu na nusu hivi. Kanuni ni kwamba ili umbali uongezeke mara mbili, muda huongezeka mara nne. Ili uongezeke mara kumi, muda huongezeka mara mia. Mwenye kutangatanga hachelewi kuchoka, lakini huchelewa kufika.

6.0 Kinu cha Kinshasa

Ingedhaniwa kwamba nchi iliyotoa urani haikuwahi kuwa na kinu. Kinyume chake, kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kilijengwa Kongo. Chini ya mpango wa Marekani wa Atomu kwa Amani, uliotangazwa mwaka 1953, Monsinyori Luc Gillon, mwanafizikia aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville, sasa Kinshasa, alifanikiwa kupata kinu kidogo cha kilowati 50 kilichoitwa TRICO I. Kilianza kufanya kazi Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Nafasi yake ilichukuliwa mwaka 1972 na TRICO II, chenye megawati moja. Vinu hivyo vilitumika katika mafunzo, uzalishaji wa isotopu, na utafiti wa kilimo, tiba na madini. TRICO II kilizimwa mwaka 2004, mwaka uleule ambapo Shinkolobwe, uliofungwa rasmi mwaka 1960 lakini ukaendelea kuchimbwa na wachimbaji wadogo, ulipigwa marufuku kwa amri ya rais.

Utafiti wa mtawanyo wa nyutroni haukustawi Kinshasa kama ulivyostawi Chalk River au Grenoble. Barani Afrika umefanyika, pamoja na mahali pengine, katika kinu cha SAFARI-1 cha Afrika Kusini, kilichoanza mwaka 1965. Kwa mwanafunzi wa Fizi, Kinshasa yenyewe ilikuwa mbali: takribani kilomita 1,500 upande wa magharibi, na lugha ya mhadhara ilikuwa Kifaransa.

7.0 Ziwa linaloonyesha mpaka wa molekuli

Elimu hii ina maana gani kwa Baraka? Jibu limo ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na linahifadhi takribani sehemu moja ya sita ya maji baridi yote ya juu ya ardhi duniani yasiyoganda. Watafiti waliolichunguza kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili, wakiwamo R. S. A. Beauchamp mwishoni mwa miaka ya 1930 na msafara wa Wabelgiji wa mwaka 1946 na 1947, walikuta kwamba oksijeni inapatikana katika tabaka la juu tu. Upande wa kaskazini, unaoihusu Fizi, oksijeni hutoweka katika kina cha mita 100 hadi 150 hivi. Chini ya hapo hakuna samaki, ingawa kuna hazina kubwa ya virutubisho vilivyozama kwa karne nyingi.

Kwa nini oksijeni haiteremki, ikiwa molekuli zinaruka bila kukoma? Hesabu ya sehemu iliyotangulia inatoa jibu. Iwapo molekuli ya oksijeni ingeachwa ivuke mita 100 za maji kwa kutangatanga peke yake, ingehitaji makumi ya maelfu ya miaka. Viumbe na mabaki yanayooza huila oksijeni hiyo mapema mno kabla haijafika. Kinachochanganya ziwa ni upepo. Pepo za kusini-mashariki, zinazovuma kuanzia Mei hadi Septemba, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, huliinamisha tabaka lenye joto, na kuyainua maji ya chini yenye virutubisho. Virutubisho hulisha mwani, mwani hulisha wadudu wadogo wa majini, wadudu hulisha dagaa, na dagaa hulisha mikebuka na watu.

Tofauti ya joto kati ya juu na chini ni nyuzi chache tu, lakini yatosha kuyatenga maji mepesi na mazito. Joto la juu likiongezeka, kazi ya upepo huwa ngumu zaidi. Mwaka 2003 tafiti mbili zilizochapishwa katika majarida ya Nature na Science, moja ikiongozwa na Catherine O'Reilly na nyingine na Piet Verburg, zilionyesha kwamba ziwa lilikuwa limepata joto katika karne ya 20, kwamba mchanganyiko wa maji ulikuwa umepungua, na kwamba uzalishaji wa chakula cha samaki ulikuwa umeshuka. Mjadala haukukosekana, kwa kuwa uvuvi nao ulikuwa umeongezeka. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, wakitumia mashapo ya sakafu ya ziwa, walionyesha kwamba upungufu wa samaki ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Jambo hili linapima uzito wa maneno. Mvuvi anayeambiwa kwamba samaki wamepungua kwa sababu ya nyavu zake ana haki ya kuelewa pia habari za joto, upepo na molekuli. Bila maelezo hayo huachiwa lawama peke yake. Na lugha ambayo ataelezwa na kuhojia ni Kiswahili, au Kibembe.

8.0 Lugha inayoachwa mlangoni

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya Kongo ya mwaka 2006. Hata hivyo, katika shule za sekondari za Fizi, fizikia husomeshwa kwa Kifaransa. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na Kiingereza sekondari. Vita vya mwaka 1996 na 1998 vilipowavusha watu wengi wa Fizi hadi Tanzania, shule za wakimbizi wa Kongo katika kambi kama Nyarugusu zilifuata mitaala ya Kongo. Mtoto aliyezungumza Kiswahili nyumbani, aliyezungukwa na nchi ya Kiswahili, alijifunza habari za atomu kwa Kifaransa. Katika pwani zote mbili za ziwa moja lugha huvuliwa mlangoni pa maabara kama viatu.

Haiwezi kusemwa kwamba istilahi hazipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limetoa istilahi kwa miongo mingi. Kinachohitajika ni kuzitumia katika maelezo marefu, kwa kuwa ni katika maelezo ndipo istilahi hujaribiwa. Mfano mmoja watosha. Neno mtawanyiko linaweza kutumika kwa mambo mawili tofauti: nyutroni zinazogonga viini na kurushwa pande mbalimbali, na molekuli zinazoenea zenyewe majini. Katika somo hili mambo hayo mawili hukutana katika sentensi moja, na msomaji hupotea. Lugha yenyewe inatoa suluhisho. Kutawanya kunahitaji mtendaji. Kusambaa hutokea kwa nguvu ya kitu chenyewe. Inafaa, basi, kusema mtawanyo wa nyutroni na msambao wa molekuli, na kuitunza tofauti hiyo.

Kuna utajiri mwingine ambao watunga istilahi huusahau. Kiswahili huurudia mzizi ili kuonyesha tendo linalojirudia bila mwelekeo mmoja: tanga na tangatanga, ruka na rukaruka. Mwendo wa molekuli ya maji kama ulivyofafanuliwa mwaka 1960 ni kurukaruka kunakozaa kutangatanga. Dhana ambayo lugha nyingine huieleza kwa ibara nzima, hapa hubebwa na umbo la kitenzi.

Hata hivyo, onyo lahitajika. Umbo nyutroni limefuata matamshi ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Baraka, aliyelisikia neno hilo kwa matamshi ya Kifaransa, na ambaye nyumbani kwao maji huitwa mayi, anaweza kuliona geni mara mbili. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo swali la usanifishaji si la Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi pekee. Istilahi itakayoitwa ya Kiswahili bila kujaribiwa Fizi, Uvira na Lubumbashi itakuwa imewaacha nje wazungumzaji ambao wazee wao waliutoa ardhini mwamba uliofungua somo lenyewe.

9.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba nyutroni, iliyogunduliwa mwaka 1932, iliwawezesha watafiti kujua kwamba maji yaliyotulia hayajatulia, na kwamba molekuli zake huruka kila pikosekunde lakini hazifiki mbali. Imeonyeshwa pia kwamba njia ya elimu hiyo ilipitia Shinkolobwe, na kwamba Ziwa Tanganyika ni mahali ambapo tofauti kati ya kuruka sana na kufika mbali huamua riziki ya watu.

Historia ya Kiswahili katika jambo hili yafanana na ya oksijeni ziwani. Lugha ina nguvu na haitulii. Wazungumzaji wake huikuza kila siku sokoni, mtumbwini na kambini. Lakini ikiachwa itangetange peke yake, itachukua miaka mingi mno kufika kwenye kina cha maabara. Panahitajika upepo, nao ni vitabu vya kiada, walimu waliofunzwa, na vyombo vya usanifishaji vinavyokaa pamoja kutoka pande zote za ziwa. Mwaka ambao mwanafunzi wa Baraka ataweza kumweleza baba yake, kwa lugha yao, kwa nini upepo wa Juni unamhusu dagaa wa Oktoba, kitu kilichoondoka Kongo kikiwa jiwe kitakuwa kimerudi kikiwa elimu.